Hendeli ya Kioo

Mkono wangu wa kulia ulianza kunikatalia mwaka 2021. Maumivu yalianzia begani, yakashuka kwenye kiwiko, na daktari alipoutazama akasema ni baridi yabisi, akaniandikia dawa na mazoezi ya kufanya kila asubuhi. Kuandika niliweza. Kula niliweza. Hata usukani niliweza kuushika, kwa kuwa mkono wa kushoto ni ndugu yake na humsaidia. Jambo lililonishinda lilikuwa dogo mno, hata nikaona haya kulisema mbele ya watoto: nilishindwa kuzungusha hendeli ya kioo cha mlango wa dereva katika gari langu la mizigo, Peugeot 404, ambalo nimelimiliki tangu mwaka 1989.

Msomaji ambaye hajapata kuendesha gari kuukuu atajiuliza kioo kina shida gani. Kibaki kimefungwa, basi. Lakini katika nchi yetu dereva huishi kwa kupitia dirisha. Kwa dirisha husalimia wazee njiani, hununua ndizi, huulizia kama daraja linapitika, na kwa dirisha huonyesha leseni. Siku moja askari wa usalama barabarani alinisimamisha. Akaja mlangoni, akangoja kioo kishuke. Nilijaribu mara mbili, nikaona heri nifungue mlango. Kijana wa watu aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. "Mzee, kaa ndani!" akasema. Nilimweleza habari ya mkono wangu naye akanielewa, hata akaomba radhi, lakini tulipoondoka pale mke wangu hakusema neno kwa muda wa kilomita nne. Tulikuwa tunakwenda kliniki yake ya shinikizo la damu, safari tunayoifanya kila mwezi. Najua alichokuwa akikifikiri, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri hicho hicho: kwamba mtu asiyeweza kushusha kioo amebakiwa na muda mfupi wa kuitwa dereva.

Mjukuu wangu mmoja ni fundi umeme wa magari. Alipokuja wakati wa Pasaka akasikia habari hii kwa bibi yake. "Babu," akaniambia baada ya shikamoo, "tuweke vioo vya umeme. Kazi ya siku mbili." Nikakataa pale pale. Ni tabia ya walimu wakuu, na hasa waliostaafu, kukataa kwanza na kutafuta sababu baadaye. Basi nilikaa miezi kadhaa nikitafuta sababu. Nilisoma nilichoweza kusoma, nikauliza mafundi wa rika langu, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na sababu yangu mwenyewe ambayo haimo katika kitabu chochote.

Magari ya kwanza hayakuwa na madirisha kwa kuwa hayakuwa na kuta. Yalikuwa mikokoteni iliyotiwa injini, na aliyepanda alivaa koti na miwani ya vumbi. Kioo chenye kupanda na kushuka kilitoka kwenye magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya. Huko kioo kiliwekwa ndani ya fremu ya mbao, na fremu hiyo ilishuka katika uwazi ulioachwa ndani ya mlango. Chini ya fremu palifungwa mkanda wa ngozi uliotobolewa matundu kama mshipi wa suruali. Ukitaka kioo kipande unavuta mkanda na kuunasa kwenye kishikizo. Ukitaka kishuke unauachia polepole. Mabehewa ya garimoshi ya Ulaya yalitumia mkanda wa namna hiyo kwa miaka mingi sana. Huo ndio uliokuwa mtambo wote: ngozi, matundu, na nguvu ya mtu.

Hendeli ilikuja na kuenea pale gari lilipopata paa la kudumu, na jambo hili lilitokea kwa kasi ya kushangaza katika Marekani. Mwaka 1919 kiasi cha gari moja tu katika kila kumi yaliyouzwa huko lilikuwa na paa na kuta. Mwaka 1924 yalifika asilimia 43, na mwaka 1927 asilimia 85. Katika muda wa miaka minane tu, gari liligeuka kutoka kuwa kiti kilicho wazi na kuwa chumba. Chumba kinahitaji hewa, na hewa inahitaji dirisha linaloweza kusimama robo, nusu au wazi kabisa bila mkanda wa kunasa. Viwanda vya Detroit vilivyotengeneza vitasa na vyuma vya milango, kama Ternstedt iliyokuwa chini ya Fisher Body, vilifanya biashara kubwa kwa kitu hiki ambacho hakuna anayekitazama.

Mafundi wetu hukiita mashine ya kioo. Hendeli inazungusha gia ndogo. Gia ndogo inasukuma bamba lenye meno, lililokatwa mfano wa kipande cha chungwa. Bamba limeungwa na mkono wa chuma ambao ncha yake inateleza katika reli iliyoko chini ya kioo. Kwa kuwa kioo ni kizito, huwekwa springi ya kuzunguka inayobeba sehemu ya uzito wake, na ndiyo maana katika gari zima kupandisha na kushusha huhitaji nguvu karibu sawa. Tena ndani mwake mna breki ndogo ya springi: hendeli inaweza kukisukuma kioo, lakini kioo hakiwezi kuisukuma hendeli. La sivyo kila shimo la barabara lingekishusha.

Ninachokipenda katika mtambo huu ni kwamba unazungumza. Mchanga ukiingia kwenye mpira, mkono unausikia. Kioo kikitoka kwenye reli yake, mkono unajua kabla ya jicho. Kidole cha mtoto kikiwa juu ya kioo, mkono unakutana na kidole hicho na kusimama. Hili la mwisho nitalirudia.

Sasa nieleze habari ya gari lenyewe. Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Ile ya mizigo ilifuata mwaka 1967. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilipanda kwa sababu ya mashindano ya Safari, ambayo 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ule wa 1966 na ule wa 1967 aliushinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na sisi vijana wa shule tulimhesabu kuwa wetu. Baada ya hapo mzee yeyote mwenye kibanda cha duka na fedha kidogo alitaka 404 ya mizigo. Huko Kenya magari ya aina hii yaliendelea kuunganishwa muda mrefu baada ya Wafaransa wenyewe kuacha.

Chuo cha ualimu nilichosomea kilikuwa na moja. Lilikuwa na rangi ya kijivu, na dereva wake alikuwa mzee mmoja mpole aliyelipangusa kila jioni kwa kitambaa cha kanga. Mwaka 1972 nilikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili na kiongozi wa chakula, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kufuatana naye kuchukua mahindi na maharage. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, tulirudi jioni tukiwa watu watatu mbele: dereva, mimi katikati, na mwenzangu mmoja kwenye mlango wa kushoto. Nyuma tulikuwa na magunia kumi na mawili.

Palikuwa na mto unaovukwa kwa kivuko cha saruji, kile ambacho maji hupita juu yake wakati wa mvua. Maji yalikuwa yamepanda, lakini tuliona alama ya kijiti na dereva akahukumu kwamba tutapita. Tulipofika katikati injini ikazima. Kwanza kulikuwa kimya. Kisha gari likasogea kando, polepole, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi kumpisha mwenzake. Maji yakaanza kuingia miguuni. Mwenzangu alisukuma mlango wake. Haukwenda, kwa maana maji ya nje yalikuwa yameulalia. Dereva hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Zungusheni." Naye akawa anazungusha upande wake.

Nakumbuka mwenzangu akizungusha hendeli ile kwa mikono miwili, maji yakiwa yamefika kitini, na mimi nikihesabu mizunguko kwa sauti bila kujua kwa nini nahesabu. Kioo kilishuka. Tulitoka kwa madirisha, tukapanda juu ya magunia, na watu wa kijiji cha ng'ambo wakatuletea kamba. Hakuna aliyekufa. Maharage yalipotea, mahindi yakavimba, na mkuu wa chuo akatukaripia hadi siku ya pili yake, alipokwenda mwenyewe kuutazama mto na kurudi kimya. Gari lilivutwa, likakaushwa, likatengenezwa, likafanya kazi miaka mingine kumi na saba. Lilipopigwa mnada mwaka 1989, nilikuwa mwalimu mkuu mwenye akiba ndogo, nikalinunua. Mke wangu aliniuliza kwa nini nanunua chuma chakavu. Sikumpa jibu la maana.

Hiyo ndiyo sababu ambayo haimo katika kitabu. Mjukuu wangu aliposema "vioo vya umeme" mimi nilisikia maji.

Tukirudi kwenye historia: kioo kinachopanda bila mkono wa mtu kilianza katika magari ya watu wasiopenda kujisumbua. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Detroit ilianza kuuza magari ya kifahari yenye vioo vilivyosukumwa kwa nguvu ya mafuta. Umeme wa betri uliendesha pampu, pampu ikasukuma mafuta kwenye mirija, na mirija ikafika hadi kwenye silinda iliyofichwa ndani ya kila mlango. Ndiyo kampuni iyo hiyo iliyokuwa imeanza, karibu wakati ule ule, kuuza magari yenye mtambo wa kupoza hewa. Katika gari moja mteja aliweza kununua dirisha linalojifungua na mashine inayomfanya asihitaji kulifungua. Matajiri wana mambo yao.

Mtambo ule wa mafuta ulikuwa na kasoro inayoeleweka na yeyote aliyewahi kutengeneza breki. Mafuta huvuja. Yakivuja ndani ya mlango huharibu kitambaa na kula rangi, na silinda ikilegea kioo hushuka chenyewe usiku kucha. Mwaka 1951 Chrysler ilitoa gari lake la Imperial likiwa na vioo vya umeme mtupu: hakuna pampu, hakuna mirija, ila mota ndogo ndani ya mlango. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayotumika hata leo.

Siri ya mota hiyo ni gia yake. Mhimili wa mota umechongwa kama skrubu, na skrubu hiyo inazungusha gurudumu la meno. Skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Ni breki ile ile ya hendeli iliyozaliwa upya katika umbo jingine. Ukitaka kioo kishuke badala ya kupanda, swichi inageuza tu mkondo wa umeme, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, na mota inazunguka kinyume.

Magari ya mizigo yalichelewa sana kupata anasa hii. Pikapu ya Marekani ilikuwa mali ya mkulima na fundi seremala; ilikuwa na benchi moja, sakafu ya mpira na hendeli mbili, na mkulima hakuona sababu ya kulipia mota ya kufanya kazi ambayo mkono wake unaifanya bure. Chevrolet ndiyo iliyoanza kutoa vioo vya umeme kwa pikapu zake kubwa kama nyongeza ya hiari katika matoleo ya mwaka 1977. Kwa upande wa magari tunayoyajua zaidi huku, Land Rover haikuwa hata na hendeli kwa miaka mingi. Kioo chake kilisukumwa kando kwa kidole, na kilipojaa vumbi kilisukumwa kwa ngumi. Hendeli aliipata katikati ya miaka ya 1980, na umeme mwaka 2002.

Hapo Marekani pamekuwa na jambo la ajabu. Wako watu, wengi wao wazee kama mimi, wanaohifadhi pikapu za miaka ya 1950 na 1960 wakizipiga rangi mpaka zing'ae kuliko zilipotoka kiwandani. Wengi wao wanabadilisha vioo viwe vya umeme. Vinauzwa vifaa kamili, mota na mashine na waya, vingine vya kuondoa mashine yote ya zamani, vingine vya kushika tu ule mhimili wenye meno ambao hendeli ilikuwa imechomekwa. Na kwa sababu swichi ya plastiki inaharibu sura ya mlango wa zamani, iko swichi iliyotengenezwa ili hendeli ibaki pale pale. Haizunguki tena. Ukiisukuma kidogo upande huu kioo kinapanda. Ukiisukuma upande ule kinashuka. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikafikiri zaidi nikaacha kucheka, maana mtu huyo anataka kitu kile kile ninachokitaka mimi. Anataka mkono wake upumzike na hendeli yake ibaki.

Sasa nirudie habari ya kidole cha mtoto. Mota haina ngozi. Ikikutana na mpira uliokauka inasukuma, na ikikutana na shingo ya mtoto inasukuma vile vile. Marekani iligundua jambo hili kwa uchungu. Watoto walioachwa ndani ya gari walipiga magoti kwenye mlango wakitazama nje, goti likakanyaga swichi, na kioo kikapanda. Kanuni ya serikali yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 1971 iliamuru kwamba vioo hivyo visifanye kazi mpaka ufunguo uwe umewashwa. Haikutosha. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria iliyotaka swichi iwe ya namna ambayo kioo kinapanda pale tu inapovutwa juu au nje, ili goti au kiwiko kinachokandamiza kisiweze kukipandisha. Tazama swichi za magari mapya ukipata nafasi, utaona zilivyokaa kama ndimi ndogo za kuvutwa kwa ncha ya kidole. Umbo lile limelipiwa.

Na kuna swichi nyingine ambayo haikuwahi kuwako katika zama za hendeli: ile ya dereva ya kuzizima swichi za abiria wote. Naelewa faida yake kwa mwenye watoto wadogo. Hata hivyo, mimi nimekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, na kwa muda mrefu ufunguo wa stoo, wa maktaba na wa ofisi ya chaki ulikaa mfukoni mwangu peke yangu. Niliamini huo ndio utaratibu. Siku niliyolazwa hospitali kwa malaria shule ilifundisha siku tatu bila chaki. Tangu hapo nilitengeneza funguo za pili, lakini ilikuwa imechukua miaka tisa nami kulitambua jambo ambalo kila mwalimu chini yangu alilijua.

Mke wangu ndiye aliyeukata mjadala. Nilikuwa nimemsomea haya yote jioni baada ya jioni, naye alikuwa akichambua mchele. Akasema: "Baba, mkono unaouma ni wako. Mlango wako weka umeme. Wangu uacheni kama ulivyo, mimi nisifungiwe." Akaendelea na mchele wake.

Mjukuu wangu alikuja mwezi wa Agosti 2022 na mzigo alioununua Kariakoo. Alichagua kile kifaa kinachoshika mhimili wa zamani, ili mashine ya asili isiondolewe. Tulifungua mlango chini ya mwembe. Alitoa hendeli, akatoa kitasa, akachomoa ubao wa ndani kwa bisibisi pana akiubembeleza usivunjike, na ndani tukakuta miaka hamsini. Kulikuwa na vumbi jekundu lililoganda kama tofali. Kulikuwa na punje za mahindi zilizokauka zikawa kama kokoto, na hizo sikumruhusu azitupe mpaka nilipozitazama vizuri. Matundu ya chini yanayotoa maji ya mvua yalikuwa yamezibika, na pale ndipo kutu ilipokuwa imeanza kula. Tuliyazibua kwa waya, tukasugua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na kazi hiyo peke yake ilichukua siku nzima ya kwanza.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisafisha mashine ya zamani, akaitia grisi, akanyoosha reli, akabadilisha mpira wa kando ya kioo, akaniambia: "Babu, hebu jaribu sasa." Nilirudisha hendeli mahali pake, nikazungusha. Kioo kilipanda kwa wepesi ambao sijauona tangu nilipolinunua gari. Nilifurahi sana, nikazungusha tena, na katika mzunguko wa tatu bega likanikumbusha. Nikamwachia aendelee.

Aliyonifundisha siku ya pili nayaandika kwa faida ya mwenye gari kuukuu anayefikiria kazi kama hii. Mota ya kioo hula amperi tano hadi kumi inapofanya kazi bila tabu, na kioo kikikwama hula ishirini na zaidi. Nyaya za gari la zamani hazikupangwa kwa mzigo huo. Fundi mvivu huunga mota kwenye waya wa taa ya ndani au wa honi, na gari linaungua mwenyewe akiwa sokoni. Mjukuu wangu alivuta waya mpya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, si karibu na mota, kwa sababu fyuzi huulinda waya uliopo mbele yake tu. Akaweka rilei, ili umeme mkubwa usipite ndani ya swichi, na rilei yenyewe akaiunga kwenye umeme unaokuja baada ya kuwasha ufunguo, sawa na ile kanuni ya 1971 ambayo yeye hakuwa amepata kuisikia. Mahali ambapo waya hupita kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni alitoboa tundu, akalivalisha mpira, akaacha waya umelegea kidogo. Mlango hufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, akasema, na waya uliokazwa hukatika pale pale.

Nilimuuliza habari ya maji. Nilikuwa nimengoja siku mbili kuuliza. Alifikiri, hakunijibu haraka, nami nilimheshimu kwa hilo. Akasema mota inaweza kuendelea kufanya kazi kwa muda hata ikilowa, lakini asingeniahidi, na maji yakishakilalia kioo chenyewe, si mota wala hendeli itakayokitoa kwa urahisi. Kwa hiyo dirisha hufunguliwa mwanzo, gari linapoanza kuzima, kabla ya mtu kufikiri jambo jingine. Ndivyo alivyofanya yule dereva wetu mwaka 1972, aliyesoma darasa la nne tu. Akanishauri niweke nyundo ndogo chini ya kiti, kwa kuwa kioo cha pembeni kikigongwa kwenye kona kwa ncha kali husambaratika kuwa punje. Nyundo nimeiweka.

Kioo changu sasa kinashuka kwa kidole cha shahada. Kina sauti kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Askari yule yule alinisimamisha tena mwaka uliofuata, nikabonyeza, kioo kikashuka, akainama akatazama hendeli iko wapi. Hendeli iko kwenye kijisanduku cha dashibodi, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na skrubu yake.

Mwezi wa Aprili tulikuwa tunatoka kliniki, madirisha yote mawili wazi kwa joto, wingu likapasuka bila taarifa. Nikavuta swichi. Kimya. Nikavuta tena. Baadaye tulijua kwamba ni fyuzi, na kwamba ilikatika kwa sababu nilikuwa nimechezea kioo kile mara nyingi mno asubuhi hiyo nikimwonyesha mgonjwa mwenzangu pale kliniki. Mvua iliingia upande wangu ikanilowesha kuanzia kofia hadi viatu. Upande wa pili mke wangu alizungusha hendeli yake bila haraka, mizunguko yote, akajifuta mkono mmoja kwa kanga, akatazama mbele barabarani.

"Endesha," akasema. "Mto unajaa."